Matuta ya Wayo wa Baba

Baba yangu alilima tumbaku Malakisi tangu kabla sijazaliwa hadi magoti yalipomkataza. Mtu ambaye hajawahi kuvuna tumbaku hajui kwamba majani mabichi yana gamu. Ukiyachuma yananata mikononi, ile gamu inageuka nyeusi, na sabuni ya kipande haiitoi leo wala kesho. Sisi watoto tulikuwa tunakaa chini bandani kuyafunga majani kwenye fito, tayari kwa kukaushwa, na Jumatatu tunaenda shuleni na viganja vyeusi kama vya mafundi wa magari. Mama alizoea kusema kwamba kanisani ungemtambua mtoto wa mkulima wa tumbaku wakati wa kufumba macho, pale anapoinua mikono kuomba.

Kwa hivyo doa jeusi lilipoonekana chini ya mguu wa kushoto wa Baba, karibu na kisigino, hakuna aliyeshtuka. Ilikuwa gamu. Alikuwa na tabia ya kukanyaga majani bandani bila viatu, akidai kwamba viatu vinayararua. Baadaye aliacha tumbaku akageukia mahindi na vitunguu, na viganja vyake vikatakata polepole. Doa la mguuni likabaki pale pale. Mama, ambaye hawezi kuvumilia sufuria yenye masizi, akaamua kwamba ule ni uchafu na yeye ndiye atakayeutoa.

Kila nilipoenda nyumbani mwishoni mwa juma niliwakuta nje ya jikoni, Baba kwenye kiti chake cha kamba, mguu ndani ya karai, Mama kwenye kigoda na lile jiwe lake la kusugulia.

"Hii kitu inanishinda," Mama angesema.

"Si uiwache? Haikusumbui."

"Inanisumbua mimi. Watu wataona nini siku ukilala hospitali? Watasema huyu mzee hana bibi."

"Watasema ana bibi anamchuna kama mbuzi."

Na mguu hautoi kwenye karai. Nadhani alipenda ile saa. Hawakuwa watu wa kushikana mikono mbele ya watoto, na hilo karai ndilo lililokuwa ruhusa yao.

Mimi naishi Kitale, nyuma ya msikiti, katika ua wenye nyumba chache zinazotazamana. Nashona sare za shule. Mwenye nyumba ni mama Mwislamu, mjane, ambaye babake alikuja Kitale na biashara ya nguo enzi hizo. Upande mmoja yeye ni Mnubi, upande mwingine damu ya Pwani, na ukimuuliza kwao ni wapi anakuonyesha mlango wake. Baba alikuwa akinitembelea na gunia la vitunguu, lakini nilijua fika kwamba nusu ya safari ilikuwa chai ya tangawizi ya mama huyu na mahamri yake. Wangekaa barazani wakilaumu mvua, wakilaumu bei ya mbolea, wakilaumu vijana. Mama huyo akimwita Baba mzee, naye Baba akimwita mama ya hapa.

Siku moja Baba alifika amelowa. Nikamvua buti, nikamwekea kigoda ainue miguu ikauke, nikarudi kwenye cherehani yangu. Mama mwenye nyumba alitoka na birika. Nilimwona amesimama akiangalia nyayo za Baba, birika mkononi, halafu akamimina chai, akaingia ndani. Baada ya kitambo kidogo aliniita jikoni kwake.

"Ile doa ya mguu ya mzee ni ya lini?"

"Ya zamani. Ni gamu ya tumbaku."

Alipunguza moto wa jiko. "Kaka yangu alikuwa nayo hivyo hivyo, mahali hapo hapo. Na yeye hakuwahi kulima tumbaku maishani. Tulisema ni msumari ulimchoma. Tukasema hivyo mpaka akashindwa kutembea, na bado tulikuwa tunasema ni msumari." Alifuta mikono kwenye leso. "Mimi siko daktari, mwanangu. Lakini si mtu aangalie?"

Nilirudi barazani nikamwambia Baba kwa njia ya mzunguko, kwamba labda lile doa lingehitaji kuonwa. Akanikatiza hapo hapo.

"Hapana. Wakiona watakata. Na kitu kama hiyo ikiguswa na kisu inaamka. Niliona kwa shemeji yangu. Walikata kidole, wakarudi wakakata mguu, wakarudi tena tukamlilia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hapiti njia fulani. Ndipo nilipojua kwamba haikuwa mara yake ya kwanza kulifikiria. Mtu anayeamini doa lake ni gamu hana jibu lililo tayari namna hiyo.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Akaketi kando yake, akajimiminia chai.

"Mzee, kuna daktari mwanamke wa ngozi huja hapa mjini, kwa kliniki ya kule juu. Binti ya dada yangu nilimpeleka na doa yake ya shingo. Hakushika kisu. Ana kitu kama kioo, kina taa. Anaiweka juu ya ngozi, anapiga picha, anaangalia."

"Kuangalia tu?"

"Siku hiyo ni kuangalia tu. Kile kingine mtaongea baadaye, na wewe ndiye utasema."

Baba alitafuna andazi lake hadi likaisha. "Kama ni kuangalia tu," alisema, "hiyo hata mimi naweza kumwangalia yeye."

Nilimpigia Mama simu. Alifika kesho yake kutoka Malakisi na kikapu, kwa sababu haikumwingia akilini kwamba mwanamke mwingine, hata awe daktari, aushike mguu wa mumewe yeye akiwa hayupo. Siku ya kliniki aliuosha ule mguu kwa maji ya chumvi na kuupaka mafuta hadi ukang'aa, na nje ya mlango wa daktari akamvua soksi na kuutazama tena kama anayekagua mtoto kabla ya picha ya shule.

Daktari alikuwa mwanamke mchanga kuliko nilivyotarajia, miwani ameipandisha kichwani. Alivuta kigoda, akaketi chini mbele ya Baba, akaupakata mguu wake juu ya mapaja yake. Baba akataka kuurudisha.

"Daktali, hiyo ni mguu ya shamba." Hofu ikimshika, ile herufi ya *r* humponyoka kabisa.

"Hata mimi nimezaliwa shamba, mzee. Tulia."

Alipaka jeli kidogo juu ya doa. Kisha akatoa kile kioo. Nilikuwa nimetarajia mashine ya kujaza chumba, kumbe ni kidude cha duara, kinakaa kwenye kiganja, kina taa ndogo ndogo zilizozunguka ukingo wake. Alikibandika nyuma ya simu, akakigusisha kwenye wayo wa Baba, akatulia bila kupumua kama fundi anayetunga uzi kwenye sindano. Alipiga picha, akasogea kidogo, akapiga nyingine.

"Inauma?" aliuliza.

"Ni baridi tu," alisema Baba. "Umemaliza?"

"Kupiga nimemaliza. Sasa tuangalie pamoja."

Akageuza skrini iliyokuwa juu ya meza ili sote watatu tuione. Kwa muda sikuelewa ninachokitazama. Ilikuwa mistari iliyolala sambamba, mmoja umeinuka, mmoja umezama, umeinuka, umezama, kutoka pembe moja ya skrini hadi nyingine. Kama shamba lililolimwa vizuri ukilitazama kutoka kilimani. Ile ilikuwa ngozi ya baba yangu.

Daktari alieleza kwamba taa ya kile kioo inapunguza ule mng'aro wa juu, na kumwezesha kuona rangi iliyo chini kidogo ya ngozi, ambayo jicho tupu haliioni. Kisha akachukua kalamu akaonyesha.

"Ngozi ya wayo na ya kiganja ina mistari, kila mtu anayo. Hii iliyoinuka ni matuta. Katikati yake ni mifereji. Doa ambalo halina shida, mara nyingi rangi yake inalala kwenye mifereji. Lile linalonipa wasiwasi, rangi yake inakaa juu ya matuta."

Baba alikuwa amejikunja kwenye kiti kama mtu asiyehusika. Aliposikia matuta na mifereji alikaa wima. Akavuta kiti mbele, akasogeza uso hadi karibu aiguse skrini. Huyu ni mtu aliyechora matuta kwa jembe maisha yake yote, akiyapima kwa jicho, na ambaye alinifanya nilirudie tuta zima nikiwa mtoto kwa sababu lilipinda.

Alifuata mistari kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.

"Yangu iko juu ya matuta," alisema.

"Ndiyo, mzee. Sehemu kubwa iko juu ya matuta."

"Si kwa mfereji."

"Hapana."

Akarudi nyuma kwenye kiti. "Sawa," alisema. "Nimeona."

Sijawahi kumwona Baba akikubali kitu upesi hivyo. Wachungaji, maafisa wa kilimo, watoto wake, sote tulikuwa tunaeleza na yeye anatusikiliza kwa adabu halafu anafanya lake. Huyu daktari hakumwomba amwamini. Alimpa shamba alisome mwenyewe.

Aliyevunjika alikuwa Mama. Alikuwa amesimama nyuma yetu, kikapu bado mkononi.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nimekuwa nikisugua hiyo kitu. Na jiwe. Kila wiki. Si ni mimi nimeileta?"

Daktari aliweka kalamu chini. Akamgeukia kabisa. "Hapana, mama. Jiwe haliwezi kuleta hii. Ungesugua au usingesugua, ingekuja. Usisugue tena tu, kwa sababu ngozi inahitaji kupumzika."

Mama hakuonekana kusadiki. Baba, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma, akapapasa hadi akaupata upindo wa sweta yake, akaushika.

"Utasugua hii ingine," alisema. "Nani amekwambia nimekuwachisha kazi?"

Mama alicheka na machozi yakiwa bado usoni, kisha akamkemea kwa kumchekesha mbele ya watu. Daktari, ambaye nadhani alitaka kumpa jambo jingine la kufikiria, akamwomba aketi avue viatu naye aangaliwe. Na kweli Mama alikuwa na kidoa cha kahawia chini ya kidole kikubwa cha mguu, kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekijua, yeye aliyekuwa akishughulikia miguu ya wengine maisha yake yote. Jeli, kioo, picha. Safari hii mimi mwenyewe niliweza kuisoma: vistari vyembamba vya kahawia vimelala ndani ya mifereji, vimetulia kama maji.

"Hii haina neno," alisema daktari. "Tutaipiga picha tena mwaka ujao tulinganishe, basi."

"Yake iko kwa mfereji?" Baba aliuliza.

"Iko kwa mfereji."

"Huyu ana bahati tangu zamani," alisema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Ndipo daktari akamwambia yaliyobaki. Picha peke yake haikati kesi, alisema. Inamwambia kama kuna haja ya kukata, na inamwambia sehemu gani ya doa achukue, ili asikate kwa kubahatisha. Angechukua kipande kidogo chini ya ganzi, kipelekwe maabara. Baba akaurudisha mguu wake chini ya kiti.

"Watu wetu wanasema ikiguswa na kisu inaamka."

Daktari hakumcheka. "Nimesikia. Na wameyasema hayo kwa sababu wamewaona watu waliokatwa wakiwa wamechelewa. Lakini kisu hakiiamshi, mzee. Kama ndiyo yenyewe, iko macho tayari. Tunachotaka ni kuipata kabla haijashuka chini."

Baba aliitazama skrini tena. Nje ya dirisha mtu alikuwa akiita bei ya parachichi.

"Kata," alisema. "Lakini ile ya juu ya matuta. Usiniguse mifereji yangu bure."

Kungoja majibu kulikuwa kugumu kuliko yote. Nilishona sare na kufumua, nilipachika mfuko ndani nje. Baba alikaa Kitale, mguu umefungwa bendeji, Mama akalala chumbani kwangu naye. Kila alasiri mama mwenye nyumba alileta chai, na sasa hawakulaumu tena mvua. Siku moja nilimsikia akimweleza Baba habari za kaka yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, na Baba akisikiliza bila kumkatiza. Nilimsikia akisema, "Pole, mama ya hapa. Sikujua ulibeba hiyo wakati uliniangalia mguu." Naye akajibu, "Ndiyo maana niliangalia."

Majibu yalikuja: ni saratani, lakini bado ilikuwa juu juu, haijapata mizizi. Daktari alisema neno hilo, mizizi, akimtazama Baba, na Baba akaitikia kwa kichwa kana kwamba wanajadiliana palizi. Walimpeleka Eldoret, wakatoa lile doa na ukanda wa ngozi nzima pembeni yake, wakachukua ngozi ya paja na kuipandikiza kwenye kisigino. Alirudi kwangu na magongo mawili na mzaha mmoja ambao aliurudia kwa kila mgeni, kwamba sasa anakanyaga paja lake mwenyewe.

Miezi ile ya kupona ilikuwa migumu na ninaikumbuka kwa furaha. Nyumba yangu ni chumba na sebule, na sebule ilijaa cherehani, vitambaa vya sare, magongo, Mama, redio ya Mama na maoni ya Mama kuhusu jinsi ninavyopika mboga. Baba alikatazwa kukanyaga, basi alitambaa kwa makalio hadi mlangoni ili asipitwe na lolote uani. Ramadhani ikatukuta hivyo. Jua likitua na adhana ikisikika, mama mwenye nyumba alifuturu, kisha sahani iliyofunikwa kwa kawa ikaja upande wetu: sambusa, tende, viazi vya nazi. Mama, ambaye ni mzee wa kanisa, alianza kumpikia mlo wa kujibu, na wakawa wanashindana kwa upole hadi Idi. Baba alinenepa. Daktari alipomwona alisema kidonda kinapendeza ila shati linalalamika.

Alirudi kliniki mara nyingi. Kila mara kile kioo kiligusishwa pembeni mwa kovu, kwenye wayo wa pili, kwenye viganja, hata chini ya kucha, na picha mpya ikawekwa kando ya ile ya zamani. Baba alijifunza kuzisoma, au aliamini amejifunza. Aliwahi kumwonyesha daktari mahali aliposhuku pamebadilika, na daktari akaangalia akasema ni mchubuko wa kiatu. Akakubali, akiwa ameaibika kidogo.

Siku moja daktari alimwomba jambo. Alikuwa anakwenda mtaa wa Kipsongo, hapo hapo Kitale, kuangalia ngozi za watu, na alitaka mzee aje naye aongee. Kule wengi hutembea peku au na ndala zilizokwisha, hubeba mizigo sokoni, na mguu wenye alama hauwashangazi, kama vile ule wa Baba haukutushangaza sisi. Nilifuatana nao. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakiwa na shaka, miguu imefichwa chini. Baba alisimama mbele yao na gongo moja, akavua kiatu, akawaonyesha kisigino chenye rangi mbili.

"Hii nilisema ni gamu ya tumbaku," alisema. "Wewe pale, yako unasema ni nini?"

Mzee mmoja mbeba mizigo alisema yake ni ya kugongwa na jiwe.

"Labda ni ya jiwe kweli. Mama yangu hapa naye yake haikuwa na neno." Alikuwa anamaanisha mke wake, ambaye hakuwepo. "Lakini si uwache huyu msichana aangalie? Ni baridi tu. Haumi mtu."

Yule mzee alivua ndala. Daktari aliangalia, na kweli lake lilikuwa la jiwe. Alifurahi sana, akaenda kuwaita wengine.

Sasa Baba amerudi Malakisi. Anachechemea asubuhi, na akichoka, lakini gongo amempa jirani. Ana mazoea mapya yanayomkera Mama: wageni wakivua viatu mlangoni, macho yake yanaenda chini kabla hajawasalimu. Daktari amesema aendelee kwenda kuonwa, na anaenda, amevaa koti.

Juzi kulikuwa na harusi kule Myanga, ya binti wa ndugu yake Baba. Mimi nilikuwa na sare za kumalizia, sikwenda. Jioni Mama alinipigia simu, nyuma yake ngoma na watu wakipiga kelele hadi nikalazimika kuziba sikio moja.

"Baba yako amekataa kukaa," alisema. "Nimempatia kiti, ameipatia mtu mwingine. Ati anacheza. Na ametoa viatu."

"Anaumia?"

Nadhani alimtafuta kwanza kwa macho katikati ya watu.

"Haumii," alisema. "Ngoja kwanza, ananiita." Kisha simu ikawa kikapuni, haijakatwa, na nikaendelea kusikiliza harusi huku nikipachika vifungo.